Kwa Nini Ndago Ina Shanga Chini ya Ardhi

Tunu, mke wa mwanangu, ametoka kwao Tabora kuja kukaa nasi msibani, na jana aliniuliza jambo. "Baba, wale watu waliokuja kutoa pole, mbona kila mmoja aliinama kwanza bustanini kabla ya kusema lolote? Na kile kitu cheusi walichokuwekea mkononi ni nini?" Nikamwambia asubiri, maana hilo si jibu la kutolewa mtu akiwa amesimama. Sasa nimeswali alasiri na jua limepoa. Sogezeni jamvi, na ninyi wajukuu kaeni. Nitasema polepole, pumzi yangu siku hizi ni fupi.

Kisa hiki msimulizi wake alikuwa bibi yenu, Mama Ramla, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa nikisikiliza tu huku nachonga mipini ya majembe. Mkiniona nimenyamaza, msidhani nimesahau. Natafuta alivyokuwa akisema yeye.

Kulikuwa na wakati ambapo ndago haikumsumbua mtu. Mnaijua ndago, nyasi ile yenye kikonyo cha pembe tatu na suke la kahawia kichwani. Leo ndiyo adui wa kila bustani. Lakini wakati huo ilikuwa na mzizi mmoja mfupi kama wa mchicha. Mtoto aliivuta kwa vidole viwili, ikatoka yote, ikaisha.

Na bustani za mlima huu wetu wa Upare hazikuwa kama mnavyoziona. Kila nyumba ilizungushiwa ua mrefu wa minyaa, umefungamana hata kuku hapiti. Watu waliamini kwamba jicho la mgeni hukausha mboga. Walikutana kwenye mfereji wa maji, wakaulizana habari za watoto, za mbuzi na za mvua, lakini bustani hakuna aliyeitaja. Mwenye magimbi hakujua kwamba jirani yake ana maboga. Mtu alizaliwa, akalima, akazeeka, akafa, na hakuwahi kuona kitalu cha mtu mwingine. Hawakuwa watu wabaya. Ndivyo walivyokuta.

Ndani ya ua mmoja aliishi mwanamke aitwaye Nankondo. Alikuwa na binti mmoja tu, Naetwe. Mtoto huyu alivaa shingoni uzi wa shanga za mbegu nyeusi, na alikuwa na tabia ya kuzitia mdomoni. Mama yake alimkataza, hakukatazika. Moja ya punje zile ilikuwa na alama ya jino lake. Mama akilima, Naetwe alikaa kwenye pembe ya bustani palipoota ndago, akisuka masuke yake kuwa pete.

Mwaka mmoja homa ilipita mlimani, ikamchukua Naetwe.

Nankondo alimzika mtoto, lakini shanga hakuweza kuziacha kaburini, na kuziweka ndani ya nyumba kulimshinda pia. Akazifukia pale kwenye pembe, katikati ya ndago. Tangu hapo hakupeleka jembe upande ule. Alipomwagilia mboga, maji ya mwisho aliyapeleka pale. Alipotawanya samadi, ile nzuri, laini, aliipeleka pale. Mchicha ulinyong'onyea na maharage yakapata kutu, lakini ndago ilinenepa ikawa kijani cha kung'aa. Yeye alikaa mbele yake kila jioni, ameridhika.

Mvua zilipokaribia, hamu ya kuzishika tena zile shanga ikamzidi. Akafukua kwa mikono. Uzi wa pamba ulikuwa umeshaoza. Lakini ndago, kwa kulishwa namna ile, ilikuwa imeteremsha mzizi, ikazichukua punje moja moja, ikazitunga upya kwenye uzi wake yenyewe. Nankondo alipoona punje ya kwanza, nyeusi, imening'inia kwenye mzizi, aliishika. Akavuta kwa nguvu. Uzi ukakatika. Akabaki na punje moja kiganjani, akaigeuza huku na huku, na haikuwa na alama ya jino. Zilizobaki zilikuwa ardhini.

Basi akaleta jembe. Ninyi mnaolima mnajua alichokifanya hapo. Kila pigo lilikata uzi, na kila punje iliyoachwa peke yake ilitoa chipukizi lake, na kila chipukizi likateremsha uzi mpya wenye punje zake. Mvua ilipotulia, bustani nzima ilikuwa ndago. Ikapita chini ya ua, maana ua wa minyaa huzuia macho, hauzuii mizizi.

Siku moja akasikia sauti upande wa pili. Ilikuwa ya Kangero, mzee mmoja aliyeishi peke yake, ambaye kwa miaka yote walisalimiana mferejini tu.

"Nankondo, nyasi zako zimenifuata nyumbani."

"Zirudishe."

"Nitazirudishaje, nawe huna hata mlango wa upande huu?"

Nankondo akaingia ndani. Lakini usiku ule hakulala vizuri, kwa sababu wazo lilimjia: kama ndago imefika kwa Kangero, basi huenda na punje yenye alama ya jino imefika huko. Nyumba zote zilikuwa zikipoteza mboga, na watu walianza kupika majani ya porini. Yeye aliliona hilo, akaumia. Ila kilichomwamsha alfajiri, bibi yenu hakulificha hili, kilikuwa ile punje.

Safari hii hakuchukua jembe. Alipiga magoti, akalegeza udongo kwa vidole, akaufuata uzi taratibu bila kuuvuta, kama mtu anayevuta tasbihi na hataki kuruka hata punje moja. Ukampeleka hadi kwenye ua. Akajifunga kitambaa machoni, maana utomvu wa minyaa hupofusha, akakata tundu la kupitisha mwili, akatambaa. Alipofungua kitambaa, alikuwa kwenye bustani ya mtu mwingine.

Kangero alikuwa ameketi akipukuchua maharage. Wakatazamana. Mzee akafunika ungo wake kwa mikono.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani umeficha ng'ombe humo ndani, ua mrefu namna ile."

"Na mimi nilidhani wewe una cha kuficha. Kumbe ni maharage."

"Sasa umeyaona. Yaliyobaki bustanini yakikauka kesho, nitajua ni wewe."

Lakini Nankondo hakuwa anayatazama maharage. Alikuwa anatazama upande wa pili, mahali ambapo marando ya viazi vitamu yalikuwa yametanda chini kama mkeka. Aliinua majani, akachungulia. Ndago ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa nyembamba, imepauka, imeinamisha kichwa. Akahama, akainua tena. Ni vilevile. Alikaa pale muda mrefu, akiinua na kushusha majani kama mtu anayechungulia sufuria. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto afe, alitaka kujua jambo.

"Umeifanyaje?"

"Sikuifanya chochote. Mimi ni mvivu. Marando nilitupa hapo, yakajisambaza yenyewe."

"Haipendi giza," akasema Nankondo, kama anaongea peke yake.

Kangero akamkatia fungu la marando, huku ananung'unika kwamba bustani yake sasa imelaaniwa. Asubuhi alitoka kwenda kuyatazama maharage yake, akayakuta mabichi kama jana. Wanasema alirudi kuyatazama mara nyingi siku ile, na mwishowe akapita kwenye tundu yeye mwenyewe kwenda kuona marando yamepandwaje. Alikuta yamepandwa ovyo, akayapanda upya.

Uzi haukuishia kwa Kangero. Ulikwenda kwa Nakiete, mwanamke wa bondeni, na Nankondo akaufuata. Huko akakuta majani makavu ya migomba yametandazwa shinani, udongo wa chini yake laini na wenye unyevu, na ndago ikitoka nzima nzima bila kukatika. Na Nakiete naye akamuuliza Nankondo samadi yake anaiozesha vipi. Basi tundu likazaa tundu. Kila alikopita, ua ulibaki wazi nyuma yake, na watu wakaanza kupita: wakaona, wakauliza, wakaomba mbegu. Mboga zilirudi mezani, na nyingine wenyewe hawakuwahi kuzijua.

Watu walimwona Nankondo akigeuza kila punje na kuitazama, na siku moja Kangero akamuuliza anatafuta nini. Akamwambia habari ya jino. Kesho yake mzee alikuja kupitia tundu lake, akainama, akang'oa ndago moja polepole mpaka kwenye punje, akaifuta udongo, akamwekea kiganjani.

"Ni hii?"

Nankondo akaigeuza. "Siyo hii," akasema. "Karibu ukae."

Akaja Nakiete, akafanya vilevile. Wakaja wengine. Kila aliyeingia aliinama kwanza, na kila mmoja aliuliza, na kila punje Nankondo aliipokea na kuitazama vizuri, hata alipozeeka akawa anaitafuta alama kwa ncha ya kidole. Kisha aliiweka juu ya jiwe la mlangoni ikauke, isije ikaota tena. Hakuipata. Alipokufa, watu waliomwosha walikuta kiganja chake kimeshika punje moja. Wakaigeuza pia. Haikuwa na alama.

Na tangu siku hiyo ndago ina shanga chini ya ardhi, na ukiivuta kwa hasira huikati bali unaipanda. Tangu siku hiyo nyua za mlima huu zina tundu la kupita mtu, na hatujengi zisizo nalo. Na mgeni akiingia bustanini kwa mtu, huinama kwanza, hung'oa ndago moja, huuliza, hujibiwa, kisha ndipo husalimiwa.

Tunu mwanangu, katika nyumba hii aliyekuwa akijibu ni bibi yao. Mimi nilipita tu na jembe langu, mikono yangu haikuwahi kuulizwa. Wiki ile tulipomzika, watu walipokuja, hapakuwa na mkono mwingine wa kuwekea. Walikuja wengi. Jiwe la mlangoni mnaliona lilivyojaa. Kila moja niliigeuza, nikaitazama. Sijui nilitegemea kuona nini. Anayejua ilipo ni Mwenyezi Mungu peke yake, na Yeye hapotezi kitu.

Ngojeni. Naona Tunu ameinuka, ameinama pale penye bamia. Taratibu, mama, usivute. Legeza udongo kwanza. Hivyo hivyo. Fuata na kidole. Haya, ilete hapa.

Ndiyo, nimekusikia ulivyouliza. Hebu niitazame vizuri, macho yangu si ya zamani.

Siyo hii, mwanangu. Karibu ukae.