Siku Jiwe la Kaa Lilipooshwa

Hadithi, watoto!
Ije, tumeshakaa!
Ikija itatukuta wapi?
Hapa hapa, masikio wazi!

Basi jengeni picha vichwani. Chumba cha kushonea nguo cha Bi. Mwanahija. Mezani, tangi la kioo lenye maji ya bahari. Majini, jiwe la pambo lenye matundu tele, limeota mwani kama ndevu. Mmeliona?

Jiwe hilo alilikalia Kaa, mwenye magando makubwa. Alilala tundu moja, lakini yote aliyaita yake.

Siku moja Uduvi, mdogo kama ukucha, akaja mbio, chwi-chwi-chwi.

"Shikamoo, babu Kaa."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Tundu moja tu, babu. Leo navua gamba. Nikilivua nitakuwa laini kama uji, na Chewa kule konani ameshaanza kulamba midomo."

"Matundu yote yangu!"

"Hata lile dogo, lisilotosha hata gando lako?"

"Hilo ndilo nilipendalo zaidi!"

Uduvi akaenda kuchungulia nje ya kioo. Akamwona Bi. Mwanahija anateka maji ya tangini, anayatia kwenye beseni. Ya bomba hakuyataka, yangeua viumbe wadogo wakaao ndani ya jiwe. Kando ya beseni, mswaki mkuukuu. Uduvi akacheka mpaka sharubu zikatikisika. Akarudi, chwi-chwi-chwi.

"Babu, toka. Jiwe linakwenda kuoshwa."

"Sitoki!"

"Toka, babu, utasuguliwa. Mimi nitakulindia matundu yako."

"Ahaa! Unilindie, au uhamie? Sitoki!"

"Haya, basi usishike sana."

"Nitashika sana!"

Mkono ukaingia, chubwi! Jiwe likapanda, Kaa kang'ang'ania juu yake. Mswaki ukaanza. Kwaru-kwaru! Mwani ukang'oka.

"Langu!" akalia Kaa.

Kwaru-kwaru! Mgongoni.

"Langu!"

Kwaru-kwaru! Kwapani.

"La-ha-ha-langu!"

"Maskini mzee wa watu," akasema Bi. Mwanahija, "nawe umechafuka. Tulia nikumalizie."

Akammaliza, mpaka tumboni.

Jiwe likarudi majini, chubwi! Kaa akashuka ubavu ubavu, anameremeta kama sufuria ya sikukuu.

"Lichukue jiwe lako! Limeniogesha bila hodi!"

"Asante, babu," akasema Uduvi. Akajipenyeza katika lile tundu dogo, akavua gamba lake taratibu. Chewa akapita, akaona jiwe tu. Akapita tena, akaona jiwe tu.

Gamba jipya lilipokuwa gumu, Uduvi akatoa kichwa.

"Babu, rudi nyumbani. Kuna nafasi."

Kaa akarudi, ananuna. "Lakini tundu dogo bado langu."

"Lako, babu. Mimi nimo ndani tu, nakulindia."

Hadithi imejikunja, imelala. Atakayeiamsha aiamshe kwa upole.

Na funzo lake, wanangu? Mkiwa na kitu chenu, kishikeni kwa nguvu zote, wala msimsikilize yeyote anayewaambia ukweli. Ila nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mswaki ukianza, fumbeni macho.