Diski Nane za Marehemu Mulyatno

Zilisalia siku tisa kabla ya kisomo cha siku ya elfu tangu Mulyatno afariki. Alikuwa mchezesha vikaragosi vya wayang aliyevuma mji mzima wa Solo, kisiwani Java, na mjane wake, Mwalimu Wuryani, alikuwa ameapa kwamba siku hiyo wajukuu wangemsikia babu yao. Maonyesho yake yote yalihifadhiwa katika diski nane zilizotungwa kama shanga katika uzi mmoja: zisiposomwa zote kwa pamoja, halifunguki hata onyesho moja.

Kompyuta ya zamani ilikuwa imeungua. Mwalimu akanunua bodi mpya na diski ndogo bapa ya kuiwashia, akachomeka mwenyewe. Kati ya zile nane, nne zikaonekana, mbili zikagoma, na mbili zikakosa pa kuchomekwa. Mafundi watatu wa mjini walitikisa vichwa.

"Bodi hii ina matundu sita, Mama, na mawili yamekufa. Nane haziingii hata ukilia. Itupe."

Alibaki Prastowo, ambaye duka lake lilikuwa mtaa wa pili tu. Miaka thelathini nyuma Mwalimu alimfukuza darasani kwa kuifungua kengele ya shule, akamwambia mbele ya wenzake kwamba kichwa chake ni kifuu cha nazi. Hata hivyo alijikaza kisabuni, akaenda.

"Karibu, Mwalimu! Leo umepotea njia?"

"Sijapotea. Nilikutukana mbele ya watu, Prastowo. Nisamehe."

Fundi akaweka chini kikombe cha kahawa. "Hee, hata salamu hatujamaliza! Kengele kweli niliiharibu. Haya, una shida gani?"

Mwalimu akamweleza, wakaenda nyumbani kwake, na huko Prastowo akaokota kitabu cha maelezo ya bodi, kingali ndani ya nailoni.

"Umekisoma?"

"Nimefundisha miaka thelathini na mitano mimi!"

"Sikuuliza hivyo, Mwalimu."

Mwalimu akanywea. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama mwanafunzi: ukiweka ile diski ndogo bapa katika nafasi yake juu ya bodi, tundu la tano na la sita hulala.

"Kumbe si mabovu!"

"Bodi ni nzima. Umebakiwa na matundu manne. Tukiweka kadi yenye manne mengine kwenye nafasi hii ndefu, yanatimia nane."

Kadi ikaletwa. Prastowo akanyoosha mkono achukue bisibisi, Mwalimu akamuwahi.

"Hapana. Zikigoma tena nawe umehama, nitamlilia nani? Nielekeze."

Akiwa na miaka sitini na minane, alipiga magoti sakafuni, akaingiza mabega chini ya meza ilikokaa kompyuta. Jasho lilimtiririka. Mara mbili waya ulikataa, mara mbili akajigonga kichwa.

"Pole, Mwalimu!"

"Pole haichomeki waya. Hili la ngapi?"

"La saba. Sukuma kidogo. Haya, la nane!"

Diski zote nane zikaonekana. Moja ilikuwa ikikoroma kama mgonjwa, hivyo wakanakili kila kitu siku hiyohiyo.

Siku ya elfu, sauti ya Mulyatno ilijaa uani. Mjukuu mdogo, aliyezaliwa babu akiwa kaburini, akauliza, "Nani huyo anayecheka?"

"Ndiye babu yako," Mwalimu akajibu, machozi yakimlenga.

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.