Risiti ya Kaka Ntandu

Risiti isiyosomwa humkimbiza mwenyewe. Mmeisikia leo sokoni, yule muuza dagaa alipomcheka Mkumbo kwa kumkimbia mkusanya ushuru, na huku ushuru wenyewe ameshalipa. Nanyi mkacheka. Sasa mnaniuliza mimi shangazi yenu imetoka wapi. Kaeni basi, ila kicheko kiacheni nje. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia nyumbani kwetu.

Enzi hizo kila mwanamume mzima alilipa kodi ya maendeleo mara moja kwa mwaka. Mgambo wa halmashauri walifunga kamba darajani, na asiyekuwa na risiti alifungiwa mahabusu ya kata hata wiki nzima. Wanaume wazima, wenye ndevu zao, walikuwa wakijificha porini.

Kaka yangu Ntandu alikuwa akikata mkonge mbali sana, mwendo wa siku mbili kwa basi. Darasani hakuwahi kuingia. Mama alipougua na kuanza kumtaja kila saa, tulimpelekea salamu, naye akaja. Nilimpokea kituoni, ng'ambo ya mto. Kabla hajauliza hali ya mgonjwa, nikamwuliza, "Kaka, kodi umelipa?"

"Nimelipa kulekule shambani. Wamenikata kwenye mshahara." Akanipa karatasi iliyokunjwa. "Hebu nisomee, mdogo wangu."

Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne, na nilijiona msomi kwelikweli. Nikaitupia jicho juu, nikaona jina la wilaya ya watu wengine, nikaikunja.

"Hii ni ya huko kwao," nikamwambia. "Hapa wanataka ya kwetu. Ukivuka tu, wanakukamata."

"Na mama?"

"Jifiche kwa mjomba mpaka waondoke. Mama atakungoja."

Nyumba ya mjomba ilikuwa upande uleule wa kituo, hivyo akaenda. Siku tatu mgambo hawakuondoka. Kila nilipompa mama uji aliniuliza, "Ntandu kafika?" Nami nikamjibu, "Yuko njiani, mama." Siku ya nne asubuhi hakuuliza. Tulimzika alasiri, na mwanawe wa pekee wa kiume yuko ng'ambo, anasikia vilio vyetu.

Tulipokuwa tukirudi kutoka kaburini tukamwona anakuja darajani, mikono ameitanguliza mbele.

"Nifungeni," akawaambia mgambo. "Niliyemjia hayupo tena."

Karani wa kodi akaichukua ile karatasi. Aliisoma yote, polepole, hadi mstari wa mwisho.

"Tukufunge kwa kosa gani?" akasema. "Kodi hii mtu huilipa anakoishi. Na hapa chini wameandika kwamba aliyelipa asidaiwe tena penginepo mwaka huu. Ungepita tu, ndugu yangu. Hukuwa na wa kukusomea?"

Kaka hakunitaja. Aliomba asomewe ule mstari tena, akasomewa. Kisha akasema, kama anayezungumza na nafsi yake, "Kumbe risiti isiyosomwa humkimbiza mwenyewe." Afadhali angenipiga.

Watu waliokuwapo wakayachukua maneno yale, na leo humtania nayo kila anayeogopa deni asilodaiwa. Nyinyi mna nyumba zenu sasa, na karatasi zinawajia, nyingine za halmashauri, nyingine za serikali kuu. Zisomeni mpaka chini. Pasipoeleweka, nendeni mkaulize, msimsikilize jirani anayejua kila kitu. Mimi nilikuwa jirani huyo.

Kaka alinisamehe zamani, na aliniambia kwa mdomo wake. Lakini mama alikufa akiamini mwanawe yuko njiani, na mwanawe alikuwa kwa mjomba, risiti mfukoni, na njia iko wazi. Risiti isiyosomwa humkimbiza mwenyewe.