Fisi Alivyoiamkia Nguzo

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Jicho la kulia?"
"Lipo!"
"La kushoto?"
"Nalo lipo!"

Basi yatunzeni, maana Fisi yake yalimtia aibu isiyofutika mpaka leo.

Kijiji cha wanyama kilikuwa na runinga moja, kubwa kama mlango. Fisi akaihodhi. Alikaa mbele, pua kwenye kioo, akatazama mashindano ya kuchoma nyama. Wenzake waliona mgongo wake tu.

Kinyonga, asiyefika hata urefu wa mkia wa Fisi, akasema, "Kaka Fisi, tushindane. Atakayetoa macho kwenye kioo kwanza, asikae mbele tena."

"Hunishindi! Ila saa kumi mama yake Mashavu anakuja kunitazama, ndipo nipewe mke."

"Ah, kaka, mpaka hapo utakuwa umeshanishinda."

Fisi akaongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho. Nyama chwaa, chwaa! Fisi macho kodo, hapepesi. Kinyonga jicho moja kwenye kioo, jicho moja kule mlimani. La kwenye kioo likichoka, zunguu! Anabadilisha.

Saa sita, macho ya Fisi yakawasha. Kodo!
Saa nane, yakawa mekundu. Kodo!
Saa tisa, machozi tiriri. Kodo!

"Mbona wewe hulii?" Fisi akauliza.

"Jicho langu liko kwenye kioo, kaka." Wala hakusema uongo. Alisema jicho, hakusema macho.

Saa kumi, hodi! Mama mkwe huyo. Fisi akageuka. Ukungu mtupu! Akainama kwa adabu mbele ya nguzo ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

Nguzo kimya. Kando yake akaona paja nono la mbuzi. Njaa ikamzidi. Akalilamba, lap!

"Marahaba," likajibu paja.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuumiza. Mama mkwe akajifuta mguu kwa kanga, polepole, akaenda zake.

"Mashavu atasikia," Fisi akasema, uso kauficha mikononi. "Nitamtazamaje?"

Hata Kinyonga aliona haya. Kiti cha mbele kilikuwa chake sasa, lakini alipokikalia aligeuka rangi ya sakafu, macho yote mawili chini.

Ngano yangu imefumba macho, msiiamshe. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kope ni nini basi? Lakini mimi nani niwasahihishe wahenga! Funzo ni hili: macho yakiwasha, msizime runinga. Badilisheni mkwe.