Mkeka wa Nyamizi

“Upele haulali mkeka mmoja.” Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani maneno hayo asubuhi, nanyi mnataka kujua yalitoka wapi. Basi wekeni hayo mahindi chini kidogo. Msemo huo ulizaliwa hivi.

Katika kijiji kimoja cha Unyamwezi aliishi mjane aitwaye Kalunde, pamoja na mke wa mwanawe, Nyamizi, na mjukuu wake wa pekee, Shija, mtoto wa miaka miwili. Mwana mwenyewe, Masele, alikuwa porini akirina asali, na akienda huko hukaa miezi. Kalunde alisifika kwa usafi. Uwanja wake ulifagiliwa alfajiri, na sufuria zake zilisuguliwa kwa mchanga mpaka zikang’aa.

Kiangazi kimoja alifiwa na dada yake, akaenda kukaa matanga. Huko wanawake walilala chini, watatu katika blanketi moja. Aliporudi aliendelea kulala na Shija, maana mtoto yule hakupata usingizi bila bibi yake. Baada ya wiki kadhaa kiuno kikaanza kumwasha. Akasema ni ngozi ya uzee, akajipaka mafuta ya nyonyo, akanyamaza.

Kisha Nyamizi naye akaanza kujikuna. Vipele vidogo vilimtoka katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na kila alipojifunika akapata joto, mwasho ulizidi. Shija akatokwa navyo viganjani na kwenye nyayo.

“Nyumba hii haijawahi kuingiwa na upele,” alisema Kalunde. “Umeutoa wapi?”

“Sijui, Mama. Naoga kila siku, unaniona.”

“Upele ni wa wachafu.”

Akamtengea mkeka wake peke yake jikoni, na bakuli lake, na kikombe chake. Habari zikafika kisimani, wanawake wakawa wanasogeza ndoo zao Nyamizi akija. Haukupita muda Kalunde akamwambia, “Nenda kwenu. Ukipona, utarudi.”

Nyamizi alimfunga mtoto mgongoni, akakunja ule mkeka, akaubeba kichwani. Shija alimnyooshea bibi yake mkono. Kalunde aliviona vidonda kwenye kile kiganja, akarudisha mikono yake nyuma.

Nyumba ikabaki safi na kimya, lakini mwasho haukuondoka. Kalunde alifua, akafagia, akaoga mara tatu kwa siku. Mwezi ulipokwisha, vidole vyake vilikuwa vimejaa vipele, na kiuno amekikuna mpaka damu. Akajifunika kanga gubigubi, akaenda zahanati.

Nesi aliigeuza mikono yake dirishani penye mwanga, akatanua vidole, akamwonyesha vistari vyembamba kama nyuzi juu ya ngozi.

“Ni upele, bibi.”

“Mimi? Mimi ni mtu msafi!”

“Hakiulizi usafi hiki. Ni kijidudu kidogo mno, kinachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kinahamia kwa mtu mnayelala naye. Na mtu anaweza kukaa nacho mwezi mzima kabla hajaanza kuwashwa. Wewe ulianza lini?”

Kalunde alifungua kinywa aseme mwezi uliopita. Akakikumbuka kiuno kilichomwasha mwanzoni.

“Baada ya matanga ya dada yangu,” alisema polepole. “Kabla ya mkwe wangu.”

“Na nyumbani nani mwingine anawashwa?”

“Hakuna mtu nyumbani. Nimewafukuza, mkwe wangu na mjukuu wangu mdogo.”

Nesi alimtazama, kisha akampa chupa za dawa. “Mjipake wote siku moja, kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu. Chemsheni nguo, anikeni malazi juani. Akitibiwa mmoja wengine wakaachwa, upele unarudi. Na mtoto aletwe haraka. Vidonda vikiingia usaha, figo huweza kuharibika.”

Kalunde hakupita kwake. Alitembea kutwa nzima mpaka kwa wazazi wa Nyamizi. Akakuta watu wameketi chini uani, na Nyamizi amenyolewa nywele.

Vidonda vya Shija vilikuwa vimetunga usaha. Uso ukavimba, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Walikuwa wamemzika siku nne zilizopita.

“Mbona hamkunitumia mtu?” aliuliza Kalunde.

“Ulisema nirudi nikipona, Mama. Sijapona.”

Kalunde akaketi mavumbini. “Mimi ndiye niliyeuleta, Nyamizi. Nilikuwa nao kabla yako.”

Nyamizi akasema, “Alikuwa akikuita.”

Kalunde alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akafungua chupa. “Nipe mgongo, mwanangu.” Nyamizi akageuka, akampa mgongo, naye akampaka dawa taratibu, hakuacha mahali. Lakini kurudi, Nyamizi hakurudi. Masele alipotoka porini na kuyasikia, alichukua mizinga yake akahamia ukweni. Kalunde akabaki peke yake na sufuria zake.

Mwaka uliofuata, msichana mmoja alifika kisimani mikono imejaa vipele. Wanawake wakaanza kusogeza ndoo. Kalunde akaweka yake chini, akamshika msichana yule mkono mbele ya wote.

“Msimtenge,” alisema. “Nendeni mkatibiwe nyumba nzima, hata asiyewashwa. Mimi nilitenga mkeka mmoja, na mjukuu wangu yuko kaburini. Upele haulali mkeka mmoja.”