Mshike Kinyozi Mkono

"Mwenzako akinyolewa, mshike kinyozi mkono."

Vijana wa mgambo walipoisikia hiyo kwenye kikao cha ujirani mwema, waliangua kicheko. Wao walilelewa na "wewe tia maji." Wakamfuata Bi Nantumbu awaeleze, maana maneno yalikuwa yake.

Methali hii ilianza hivi.

Asubuhi moja ya kiangazi, moshi ulipanda ng'ambo ya mto Ruvuma, nchi jirani. Magaidi walikuwa wameingia Chikomo, kijiji alikoolewa Asumini, mdogo wake Nantumbu. Nantumbu akakimbilia mtoni. Akamkuta mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mchipala, akiamuru mitumbwi yote ivutwe juu na kufunikwa majani.

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji," alisema Mchipala. "Wakikosa chombo hawavuki."

"Na Asumini avuke na nini, mwenyekiti? Mgongo wa mamba?"

"Ile ni nchi ya watu. Wana askari wao."

"Ukishatia maji unamngoja nani? Si kinyozi huyohuyo? Mwenzako akinyolewa, mshike kinyozi mkono!"

Wanaume wakaendelea kuvuta mitumbwi. Nantumbu hakuweza kutulia. Alikwenda, akarudi, huku ng'ambo watu wakijazana ukingoni kama siafu. Ghafla akaitwaa ngoma ya msiba iliyotundikwa pale kivukoni, akaipiga.

Mila ya kingo zote mbili ni moja: ngoma hiyo ikilia, mtumbwi haufungwi. Hata mwenye ugomvi huvuka kwenda kuzika. Mitumbwi ikashushwa.

Safari ya tatu ilimleta Asumini, pamoja na sajini wa ng'ambo, mguu ukivuja damu.

"Magaidi wanaelekea juu ya mto," alisema sajini akihema. "Adhuhuri watavuka kule panapopitika kwa miguu. Sisi tukiwafukuza hukimbilia kwenu, nyinyi mkiwafukuza hurudi kwetu. Na sisi askari sote hukomea ukingoni, kila mtu na mpaka wake!"

Akapewa simu, akazungumza na kamanda wa upande huu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, askari wa nchi mbili waliziba njia moja kutoka kingo mbili. Magaidi wakakamatwa maji yakiwa magotini.

Jioni wazee, Mchipala akiwa mbele, walimwita Nantumbu. Kupiga ngoma ya msiba bila maiti ni kukiita kifo. Atoe jogoo, aombe radhi.

"Ukaomba, bibi?" vijana waliuliza.

"Jogoo niliwapa. Asumini ndiye aliyempika." Bi Nantumbu akajifunga kanga upya. "Mwenzako akinyolewa, mshike kinyozi mkono. Radhi sikuomba siku ile, na Mchipala akifufuka leo, siombi."