Tundu la Mlango wa Wenlan

Sogeeni karibu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hapo kale, katika vijiji vya Uchina wanakofuga viwavi wa hariri, milango ilikuwa mbao tupu, haina hata ufa wa kuchungulia. Wala hakuna aliyekuwa akimwambia mwenzake, "Umefunga mlango wa Wenlan."

Wenlan alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Shuren. Mfalme alimchukua kijana huyo akajenge ukuta mbali kaskazini, akatangaza kwamba mama atakayeleta jora la hariri safi atarudishiwa mwanawe. Basi Wenlan akachuma majani ya mforosadi kulisha viwavi wake, hadi vidole vikapasuka.

Sasa, viwavi hao wanadeka kuliko bibi harusi. Wanapoacha kula na kuanza kusokota vifuko vyao, hawataki kelele wala harufu ya mgeni. Siku hizo kijiji kizima kilijifungia ndani, na aliyebisha hodi hakujibiwa, hata awe nani. Shuren mwenyewe alikulia katika mwiko huo. Tangu utotoni alifundishwa kulia bila sauti.

Mwaka huo, viwavi wakiwa katikati ya kusokota, Wenlan alisikia mlango ukikwaruzwa taratibu. Akainuka, akashika komeo. "Ni mpita njia tu," akajiambia. "Shuren yuko kaskazini, na nikifungua sasa nitamkosa kabisa." Akarudi kuketi. Mlango ukakwaruzwa tena, kwa upole zaidi, kisha kukawa kimya.

Vifuko vilipokamilika, vyeupe visivyo na doa, Wenlan alifungua mlango kwa furaha. Shuren alikuwa amejikunyata kizingitini, amekufa. Homa ilimshika kule ukutani, wasimamizi wakamwachilia kwa kuwa hakufaa tena kazi. Alijikokota mpaka kwao, na kwa kuwa hakutaka kumharibia mama yake hariri, hakuita.

Wenlan alilia bila sauti, kwa mazoea tu, ingawa viwavi hawakuhitaji tena kimya chake. Inauma hata kusimulia. Alimzika mwanawe, akafuma lile jora mpaka mwisho, akalitandika juu ya kaburi, mvua ikalinyeshea. Kisha akachukua keekee akatoboa tundu mlangoni, na majirani, ambao nao walikuwa wamejifungia siku zile, wakatoboa ya kwao.

Ndiyo asili ya usemi ule wa kufunga mlango wa Wenlan. Huambiwa mtu anayelinda kitu kwa ajili ya mpendwa wake mpaka akamnyima nafasi mpendwa mwenyewe, kama baba anayewajengea wanawe nyumba kubwa na hana siku ya kuketi nao. Na mpaka hivi leo milango ya huko ina tundu, tena liko chini kabisa. Mtoto akiuliza kwa nini halikuwekwa usawa wa macho, wakubwa humjibu kwamba Shuren hakuweza tena kusimama.